Kilo 17

Baba yangu alibeba mizigo Kilimanjaro kwa miaka 22, njia ya Marangu. Akirudi tulimjua kwa harufu kabla hajafika mlangoni: mafuta ya taa, na jasho lililokaukia kwenye sweta. Hata chakula kilisubiri, kwanza mama amkande shingo kwa maji ya moto. Utosini ana duara ambalo nywele hazijaota vizuri hadi leo, pale ilipokuwa inakaa ngata. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye duara lile.

Theluji niliiona utoto wangu wote, ila kuigusa sikuwahi. Mlima ukijifunua asubuhi, Kibo ilikuwa inang'aa juu ya migomba yetu, nasi tukaendelea kufagia uwanja. Niliigusa nikiwa mtu mzima, kwenye kituo cha basi hapa Oslo, imeshachanganyika na mchanga wa barabarani. Kwa hiyo wenzangu wa wodini waliposema twende tukalale milimani Rondane, wikiendi ya mwisho ya Septemba, niliitikia palepale.

Usiku wa kufungasha nilimpigia baba kwa video.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hebu nilione hilo begi."

Nikamwonyesha. Akaniamuru nitoe kila kitu, nianze upya. Vizito, yaani hema na chakula, vigusane na mgongo, usawa wa mabega. Begi la kulalia chini kabisa. Koti la mvua juu, nisije nikafukua begi zima wakati nanyeshewa. Nilipomaliza nikalipandisha kwenye mizani: kilo 17.

"Anabeba nani?"

"Mimi mwenyewe, baba."

"Na hao Wazungu?"

"Kila mtu na lake."

Akaniuliza tena, kama mtu ambaye hakusikia vizuri. Nikamjibu vilevile. Akakaa kimya, halafu akasema nihakikishe kamba za viatu nimezifunga mara mbili.

Tulikuwa wanne, wenyeji wawili, Mkenya mmoja wa Nyeri na mimi. Treni mpaka Otta, gari mpaka Mysusæter, kisha miguu kuelekea ziwa Rondvatnet. Nilitafuta geti kwa macho bila kujijua. Marangu hupiti bila kuandikisha jina, kulipa na kuwa na kiongozi. Huku tuliingia tu. Ipo sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kutembea porini na kupiga hema, mradi awe mita 150 au zaidi kutoka nyumba ya watu. Na Rondane ni hifadhi ya taifa, ya kwanza nchini humu, tangu 1962.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni urefu. Kilele kirefu kuliko vyote pale, Rondslottet, kina mita 2,178. Hakifiki hata Mandara, kituo cha kwanza cha kulala njia ya Marangu, ambako mbega wanaruka mitini na mgeni bado anatembea na fulana. Rondane, nusu ya urefu huo, miti ilikuwa imeshatuaga. Vilibaki vichaka vya kufika gotini, vimegeuka vyekundu kama kutu, na ukoga mkavu rangi ya maziwa mgando umetanda juu ya mawe. Ukoga huo ndio chakula cha renidia, wanyama wenye pembe pana ambao huku bado wapo wa mwituni. Tuliona nyayo zao tu. Mwenyeji wetu alituomba tupunguze sauti.

Theluji ilianza jioni tukiwa tunachemsha maji. Saa nane za usiku nikaamshwa na turubai la hema likinigusa usoni, lilikuwa limeelemewa. Tukalipiga kwa viganja kutoka ndani, theluji ikateleza pembeni kwa mlio kama wa mtu anayemwaga mchele. Mtungi wa gesi nililala nao, na viatu pia, ndani ya mfuko wa plastiki miguuni. Chupa ya maji nilikuwa nimeigeuza kichwa chini kama nilivyoelekezwa: barafu huanzia juu, basi asubuhi ikawa imejishika kitakoni na mdomo ukafunguka bila shida. Baba naye alikuwa akifanya hivyo Kibo, nilikuja kujua baadaye. Hakuwahi kutusimulia. Mizigo ndiyo aliyotusimulia, na wageni, na tipu.

Jumamosi tuliacha hema na kuanza kupanda Storronden, mita 2,138. Njia za huku zimewekewa alama ya herufi T nyekundu, imepakwa rangi kwenye mawe. Sasa mawe yote yalikuwa meupe. Nikawa napiga magoti, nafuta theluji kwa glovu, jiwe hili hapana, jiwe lile hapana, la tatu nikaona wekundu kidogo nikashangilia kama niliyeokota pesa. Tukaenda hivyo karibu saa nzima. Kisha ukungu ukashuka, na Mkenya aliyekuwa mbele yangu hatua kumi nikawa namsikia tu.

Mwenyeji wetu akasimama. Wanorwe wana kanuni za mlimani wanazofundishwa toka wadogo, na moja inasema geuka mapema, kugeuka si aibu. Aliisema kwa kikwao, akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni, akageuka. Hakuna aliyebisha. Mimi niliumia, sitaficha. Nilikuwa nimeshapanga picha ya kumtumia baba nikiwa kileleni.

Kushuka hadi Mysusæter siku ya pili, begi likiwa limelowa na limeongezeka uzito, ndiko kulikonifikisha kwa baba. Kila nilipolitua kupumzika nilikumbuka kwamba yeye alikuwa analitua la mtu mwingine, kisha anawahi mbele alifikishe kibandani kabla mwenyewe hajafika. Nililia kidogo njiani. Upepo ulikuwa mkali, hakuna aliyeniuliza.

Kwenye treni nikapiga simu. Nikamwambia hatukufika.

"Mligeuka wote wanne?"

"Wote."

"Kwa miguu yenu?"

"Kwa miguu yetu, baba."

"Vizuri sana," akasema, na nikasikia amefurahi kwelikweli. Yeye ameshika machela mara nyingi, kuwateremsha usiku watu waliokataa kugeuka.

Mama akachukua simu. "Na huko nani anakukanda shingo?"

"Ni mabega yanayouma, mama. Shingo haina neno."

Nyuma yake nikamsikia baba akimweleza taratibu: "Lile la mgongoni, mama. Halikai kichwani."