Baraza, mahojiano au simulizi: ninavyochagua muundo wa podikasti hapa Unguja

Wengi wanaotaka kuanzisha podikasti hapa kwetu huanza na wazo la baraza: watu wanne, kahawa, mada moja, mazungumzo yajiendee. Mimi baraza huliweka mwisho. Msikilizaji hawaoni wasemaji, na wanaume wanne wa rika moja wakisema kwa zamu zisizo na mpango, baada ya dakika tano hajui tena nani kasema nini. Ukiwawekea kipaza sauti kimoja katikati ya meza ndiyo balaa kabisa, maana aliye mbali anasikika kama yuko chumba cha pili na hakuna programu itakayomsogeza.

Kwa hiyo kabla ya vifaa nauliza: habari hii anaijua nani? Kama naijua mwenyewe, nasema peke yangu. Kama anaijua mtu mmoja, tuseme fundi wa majahazi au mpishi wa shughuli, hayo ni mahojiano. Kama kila mtu ana kipande chake, ni simulizi: wao wanasema, mimi naunganisha. Baraza nalibakishia mada ambayo ubishi wenyewe ndio habari, na hapo huchukua wasemaji watatu tu, mmoja wao akiwa mwanamke au mzee ili sauti zitofautiane, na kila mmoja na kipaza sauti chake.

Kusema peke yako kunaonekana rahisi, lakini ndiko kunakochosha msikilizaji upesi. Kwa kasi yangu, maneno 110 hadi 120 huingia katika dakika moja, hivyo kipindi cha dakika 12 ni maneno kama 1,400. Sivuki dakika 15. Tatizo kubwa ni sauti ya kusoma: ulimi unanyooka mno, mwisho wa kila sentensi unashuka vilevile. Dawa yake ni kuisoma rasimu kwa sauti kabla ya kurekodi na kufuta kila neno ambalo usingelimwambia jirani yako.

Mahojiano ndiyo ninayomshauri anayeanza. Tumia vipaza sauti viwili vya dainamiki, aina inayonasa zaidi sauti iliyo karibu nayo. Vya kondensa hunasa feni, kunguru na pikipiki za mtaa mzima. Kila kimoja kiwe kama ngumi moja na nusu kutoka mdomoni, kidogo pembeni ili herufi P na B zisipige. Umbali kati ya vipaza sauti viwili usipungue mara tatu ya umbali wa kipaza hadi mdomo: mdomo ukiwa sentimita 15, basi 45 au zaidi. Rekodi kila sauti kwenye njia yake, faili ya WAV (isiyobanwa), kilohezi 48, biti 24. Ukizichanganya njia mbili tangu mwanzo, mgeni akikohoa juu ya swali lako huna la kufanya.

Halafu kuna "enhe". Sisi hatumsikilizi mtu kimya, humwitikia: enhe, naam, ala! Kwenye rekodi, itikio hilo huingia hadi kwenye kipaza cha mgeni, katikati ya neno lake, na ni vigumu kulitoa bila kulikata neno hilo. Itikia kwa kichwa na macho. Mgeni mwambie mapema, la sivyo atadhani umechoka naye.

Maswali saba yanatosha kwa dakika 30, nami hurekodi kama dakika 50 ili nipate hizo 30. Mzee akiulizwa bei ya mbao ataanza na alipojifunzia kazi. Usimkatize, "Shikamoo" yako haijapoa bado. Mara nyingi kipande kizuri kimo humo humo kwenye mzunguko. Salamu ndefu za mwanzo ziache zitoke zote, kwani ndizo unazopimia kiwango cha sauti, kisha uzikate wakati wa kuhariri. Idhini ya kurekodiwa iombe kinasa kikiwa kinafanya kazi.

Simulizi ndiyo tamu na ndiyo ghali. Ukitaka kueleza mwani wa Paje au Jambiani, pwani ya mashariki, huendi siku unayotaka wewe. Akina mama wanaingia shambani maji yakitoka sana, siku za bamvu. Ukifika maji mafu, siku ambazo maji hayatoki sana, utarekodi upepo. Ukienda Pemba msimu wa karafuu, sauti haiko mtini tu: iko jioni kwenye kuchambua, kutenga karafuu na makonyo (vijiti vyake), na asubuhi zinapoanikwa kwenye majamvi. Kila mahali rekodi dakika moja ya mahali penyewe, bila mtu kusema. Ndiyo gundi ya kuunganishia vipande. Kipaza kivishwe manyoya ya kuzuia upepo, maana sponji peke yake haitoshi pwani ya mashariki. Dakika 20 za simulizi hula saa tatu za rekodi na siku kadhaa za kuhariri, kwa hiyo usiahidi ya kila wiki.

Chumba nacho kina kauli yake. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe na chokaa, dari juu, na sauti inarudi. Kwa kusema peke yako tafuta chumba cha kulala chenye godoro, mapazia mazito na kabati la nguo lililo wazi. Adhana ikianza, simama mpaka iishe, kisha rudia sentensi yote, si nusu yake.

Kabla ya kuamua, andika vichwa kumi vya vipindi. Ukikwama kwenye cha sita, mada ni nyembamba au muundo si wake. Rekodi dakika kumi kwa miundo miwili, kisha usikilize kwa spika ya simu ndani ya daladala. Ukilazimika kurudisha nyuma ili usikie, msikilizaji atazima.

Faili ya kusambaza iwe MP3 ya mono (njia moja ya sauti, si mbili kama stirio), kilobiti 64 kwa sekunde: nusu saa ni kama MB 14, wakati stirio ya kilobiti 128 ni kama MB 29, na bando analilipa msikilizaji. Ukubwa wa sauti, ambao programu za kuhariri huupima kwa LUFS, uwe -19 kwa mono, -16 kwa stirio.

Ramadhani koo hukauka kuanzia Alasiri na sauti hushuka. Mahojiano ya mwezi huo yarekodi Shaabani, manne yawe akiba, na yatakayobaki yafanye baada ya tarawehe.