Hendibreki na gia za MGB yangu: nilivyozitengeneza bila kushusha injini

Ukivuka kivuko cha Likoni, Mombasa, na MGB ya mwaka 1969, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, kinachokutoa jasho si injini, ni mteremko wa kuingilia feri. Unasimama kwenye foleni, pua ya gari imeelekea majini, mbele yako mikokoteni, tuktuk na umati wa watu wanaotembea kwa miguu. Na tangu Septemba 2019, gari lilipotumbukia baharini kutoka kwenye feri, pale hakuna tena mtu wa kulifanyia mzaha gari linaloserereka. Langu lilikuwa linaserereka. Navuta hendibreki hadi jino la mwisho, gari linasita kidogo, kisha linaendelea na safari yake. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa akiruka chini na kigogo cha mbao kuzuia gurudumu, kazi ya utingo kabisa, na malipo alikuwa akidai.

Gia nazo zilikuwa na mambo yao. Mkono wa gia uliyumba kama mwiko kwenye sufuria la uji, na gari likichanganya mwendo ulipiga kelele ya chuma iliyonikera kuliko honi za matatu. Asubuhi, mafuta yakiwa bado baridi, kuingiza gia ya pili kulitaka mabavu.

Fundi wa kwanza alizunguka gari mara moja tu. "Bosi, giaboksi imekwisha, itabidi ishuke. Hendibreki hii tutakaza kebo, itashika." Nilimshukuru nikaondoka. Kwenye MGB giaboksi haitoki peke yake kwa chini. Hutolewa pamoja na injini kwa juu, kwa winchi. Kazi ya namna hiyo huanzi kwa sababu mkono unayumba. Na kebo haikazwi mwanzo. Hukazwa mwisho, tena ikibidi.

Nilimwendea mzee mmoja aliyezishika gari za Kiingereza tangu ujana wake. Hakugusa kebo. Alijilaza chini ya gari, akapeleka mkono kwenye ekseli ya nyuma na kujaribu kukitikisa kichuma fulani kilichofungwa karibu na difu, lile tumbo la gia katikati ya ekseli. Hakikutikisika. "Mwanangu," akasema, "hiki kimelala siku nyingi."

Kazi ya kichuma hicho ni kusawazisha mvuto wa kebo, ili gurudumu la kushoto na la kulia yashike kwa nguvu moja. Kinatakiwa kicheze kwenye pini yake. Kikishikwa na kutu, na hewa ya chumvi ya Mombasa haina huruma, unavuta hendibreki kwa nguvu zako zote na nusu ya nguvu hizo inaishia njiani. Tulikilowesha mafuta ya kupenya usiku kucha, asubuhi tukaitoa pini kwa nyundo na kipande cha shaba, tukaisugua kwa msasa hadi ikang'aa, tukapaka grisi na kuirudisha. Kebo yenyewe ina nipeli yake ya grisi, imejificha chini ya matope. Tuliyakwangua, tukapiga grisi mpaka ile ya zamani, nyeusi kama lami, ikaanza kutoka.

Kisha tukageukia magurudumu. Weka gari kwenye stendi imara, jeki peke yake si ya kuaminiwa, na uzuie magurudumu ya mbele. Ukifungua dramu, ile ngoma ya breki inayozunguka na gurudumu, usipulize vumbi kwa upepo wa kompresa. Breki shuu za zamani, vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani, zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huua mapafu polepole. Lowesha maji, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Upande wa kushoto shuu zilikuwa nzima, ila adjasta, ya kusogeza shuu karibu na dramu, ilikuwa imeganda. Ni kipini chenye kichwa cha mraba kinachochungulia nyuma ya bamba la breki, kimoja kila gurudumu, na mafundi wengi wamekiharibu kwa spana isiyoenea. Upande wa kulia ndiko kulikokuwa na kisa. Shuu zilikuwa zimelowa mafuta ya difu. Sili ya habu, ya kuzuia mafuta yasifike kwenye gurudumu, ilivuja, lakini mzee hakuridhika na jibu hilo. Alitafuta kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli akakikuta kimezibwa na udongo. Difu likipata moto, hewa ya ndani hutanuka, na ikikosa njia husukuma mafuta kupitia sili. Ungeweka sili mpya ukaacha kitundu kimeziba, ungerudi gereji baada ya muda mfupi. Tulizibua, tukabadilisha sili, tukaweka shuu mpya pande zote mbili. Zilizolowa mafuta hazifai hata ukizichoma kwa petroli, kama wengine wanavyofanya.

Mwisho tukakaza adjasta mpaka dramu ikakataa kuzunguka, tukairudisha nyuma kidogo mpaka ikawa huru. Hendibreki ikashika kwenye jino la tatu, la nne kwa mbali. Kebo hatukuikaza kabisa.

Gia zilikuwa rahisi kuliko nilivyotishwa. Unakaa kwenye kiti chako, unafungua raba inayofunika mkono wa gia, unalegeza bolti chache, na mkono unatoka wote juu. Kwenye ncha yake ya chini panakaa bushi ndogo ya plastiki. Yangu ilikuwa vipande. Pembeni pana kipini chenye springi kinachouzuia mkono usiteteme. Hicho kilikuwa kimekwama ndani. Angalia tu vipande visitumbukie kwenye nyumba ya gia.

MGB zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya laki tano, kwa hiyo spea bado zipo na bushi hii si ghali. Usafiri ndio ghali. Nilikwenda kwa mkerezaji wa Shimanzi nikampa mkono wenyewe apime, akanikerezea bushi kutoka kwenye kipande cha nailoni huku nikisubiri kwenye benchi. Kelele ilikoma siku hiyohiyo.

Ugumu wa asubuhi ulikuwa na sababu nyingine. Chini ya zulia, juu ya handaki la giaboksi, kuna kizibo cha mpira, na chini yake kijiti cha kupimia mafuta. Nilikivuta, nikanusa: mafuta mazito ya gia, yale ya 90. Giaboksi hii hutumia mafuta ya injini, 20W/50, na yenye ovadraivu, ile gia ya ziada ya mwendo wa kasi, ndiyo haswa haitaki mengine, kwa sababu ovadraivu hunywa mafuta hayohayo. Nilimwaga yote, nikajaza yanayostahili. Mkono ukawa mwepesi.

Gia ya pili bado inakwaruza kidogo ukiirudia haraka kutoka ya tatu. Hiyo ni sinkronaiza iliyochoka, ile pete inayolinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana, na hapo fundi wa kwanza ana haki yake: dawa yake iko ndani ya giaboksi, na injini itatoka. Kwa sasa napita nyutro taratibu, nakanyaga klachi mara mbili, inaingia. Mpwa wangu amekosa kazi, kigogo chake kiko kwenye buti.