Programu ya kurekodi nyumbani: chunguza kwanza sauti inachelewa kiasi gani

Kama unatengeneza biti, hasa za singeli, programu ya FL Studio itakufaa, maana kupanga ngoma na melodi humo ni kazi nyepesi. Ila kumbuka kwamba toleo la majaribio linakubali kuhifadhi kazi, lakini ukiifunga huifungui tena mpaka ulipie. Na toleo la bei ya chini, Fruity, halirekodi maiki. Anza na toleo la Producer.

Kwa mwimbaji anayeletewa biti tayari, ushauri wangu ni Reaper. Ni nyepesi kuipakua hata kwa bando dogo, inakwenda kwenye laptopu ya zamani, na unaijaribu siku 60 bila kufungiwa chochote. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Audacity ni ya bure na inatosha kwa mahojiano. Nakala za wizi zinazozungushwa kwenye flashi ziache kabisa. Virusi vikiingia, vinaondoka na nyimbo zako.

Kinachowakatisha tamaa wengi ni kujisikia kwa kuchelewa kwenye hedifoni. Programu hukusanya sauti kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda mfupi, kabla ya kuishughulikia. Kwa kasi ya sampuli (vipande vidogo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 ni milisekunde 21 wakati wa kuingia, na karibu kiasi hichohicho wakati wa kutoka. Mwimbaji anaanza kuburuta nyuma ya biti. Shusha bafa hadi 128, ambayo ni chini ya milisekunde 3. Ukisikia mikwaruzo, prosesa imezidiwa: panda hadi 256, zima efekti, funga brauza. Ukifika kwenye kumiksi, rudi 1,024, maana hapo kuchelewa hakukudhuru.

Kuweka bafa kwenye Reaper, fungua Options, Preferences, Audio, Device, kisha chagua ASIO (mfumo wa draiva unaopunguza kuchelewa) na draiva ya sauti kadi yako, yaani kifaa unachochomekea maiki. Kama huna sauti kadi ya nje, draiva ya ASIO4ALL husaidia kidogo. Hedifoni za Bluetooth usitumie kurekodi, kwa sababu zina ucheleweshaji wake ambao bafa haiuondoi.

Mwombe prodyuza biti ya WAV (faili ya sauti isiyobanwa) na akutajie BPM, yaani mapigo kwa dakika. Buruta faili uliingize, bonyeza Ctrl+T kupata traki mpya, washa kitufe chake chekundu, kisha Ctrl+R. Rekodi kwa ubora wa 24-bit, na kilele cha sauti kiishie karibu na -10 dB. Sauti ndogo utaipandisha baadaye, lakini iliyopasuka haitengenezeki. Maiki ya kondensa inahitaji volti 48, zinazowashwa kwa kitufe cha 48V kwenye sauti kadi. Ikiwa kimya, tazama kwanza kitufe hicho.

Joto la Dar linafanya feni iwe ngumu kuzima, lakini izime. Rekodi alfajiri, bodaboda zikiwa bado chache, ukielekea kabati la nguo lililo wazi. Ukisikia mvumo mzito usioisha, chomoa chaja urekodi kwa betri. Mara nyingi chanzo ni umeme wa nyumba usio na ethi (waya wa ardhini).

Kabla ya kurekodi chochote, hifadhi mradi ukiweka alama kwenye “Create subdirectory for project”. Bila hivyo faili za sauti hutawanyika, na siku ukimpelekea prodyuza mradi, anaufungua anakuta traki tupu huku vokali zimebaki kwenye laptopu yako.