Kompyuta ya Nyumbani Iachwe Ikiwaka Usiku Kucha?

Wanaoacha kompyuta zao zikiwaka usiku na mchana hushikilia kwamba kinachoichosha kompyuta ni kule kuzimwa na kuwashwa kila siku. Hoja hiyo ina msingi, kwa sababu metali hutanuka ikipata joto na kusinyaa ikipoa, na mabadiliko hayo yakijirudia kwa muda mrefu huweza kulegeza maungio ya lehemu kwenye bodi. Hata hivyo, diski ngumu ya kawaida ya kompyuta ya mezani hutengenezwa ili istahimili kuwashwa na kuzimwa takriban mara 50,000, kiasi ambacho mtu anayeizima mara moja kwa siku angekifikia baada ya miaka zaidi ya 130. Diski za SSD, yaani zile zinazohifadhi data kwenye chipu, hazina hata kitu kinachozunguka.

Kwa maoni yangu, cha kuhofia zaidi ni feni. Ukifungua kasha la kompyuta isiyozimwa, utakuta vumbi limeganda kwenye kingo za mapanga ya feni na kuziba nafasi zilizo kati ya bati nyembamba za kipoza joto, kiasi kwamba hewa haipiti tena inavyotakiwa. Prosesa hupata joto, feni hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na kasi hiyo huvuta vumbi jingine.

Halafu kuna umeme, na hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Tuchukue kompyuta ya mezani inayotumia wati 60 ikiwa imekaa tu bila kazi, kiwango ambacho si cha ajabu. Ikiwaka mwaka mzima itakula takriban uniti 525. Ikiwa mwenyewe huitumia kwa saa tano tu kwa siku, basi karibu asilimia 80 ya umeme huo, yaani takriban uniti 415, umeteketea bila mtu kuwa mbele ya kioo. Kompyuta ya mpakato hutumia umeme mdogo kuliko huo, lakini betri yake ikikaa imejaa kabisa huku ikipata joto muda wote huchakaa mapema, na ndiyo maana nyingi za siku hizi zina mpangilio wa kukomesha chaji kwenye asilimia 80.

Kwa hiyo mchana, mtu akiondoka kwa saa moja au mbili, naona ailaze tu. Kompyuta iliyolala huendelea kuipa umeme kumbukumbu yake na kutumia wati chache sana, nayo huamka kwa sekunde chache huku kazi zote zikiwa pale zilipoachwa. Usiku izimwe.

Kuna jambo moja ambalo watumiaji wengi wa Windows hawalijui. Tangu toleo la 8 la mwaka 2012, kuzima kwa kawaida hakufungi mfumo wote endapo mpangilio wa kuwaka haraka umewezeshwa: sehemu ya kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa asubuhi. Ndiyo maana mtu anaweza kuzima kompyuta kila usiku, kisha akakuta kipimo cha muda wa kuwaka kikionyesha siku kadhaa mfululizo. Hitilafu zinazotokana na mfumo kukaa muda mrefu haziondoki kwa kuzima huko, bali kwa kuchagua kuwasha upya, na nashauri hilo lifanyike angalau mara moja kwa wiki.

Siwalaumu wenye sababu ya kuiacha ikiwaka. Anayehifadhi nakala za mafaili usiku, anayefikia mafaili yake akiwa mbali, au anayetengeneza video inayochukua saa nyingi, kompyuta yake ina kazi. Huyo naomba azime kioo, asafishe vumbi mara kwa mara, na aweke UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kuipa kompyuta umeme kwa muda, kwa kuwa umeme ukikatika ghafla wakati diski inaandika, faili lililokuwa likihifadhiwa linaweza kuharibika.