Bwawa la kijani Bangwe: nilianza na asidi, klorini ikafuata

Ukiwa na bwawa la kuogelea Kigoma, watu watakucheka kwanza. Ziwa Tanganyika hilo hapo, kina chake mita 1,470, unataka maji gani tena? Dada na shemeji walilijenga nyumbani kwao Bangwe kwa ajili ya watoto, maana ufukweni kuna konokono wa kichocho na mamba nao si hadithi. Baadaye wakahamia Dar es Salaam kikazi, nikabaki na nyumba na bwawa lake. Urefu ni mita 8, upana 4.5, kina cha wastani 1.4. Ukizidisha unapata mita za ujazo 50 na kidogo, yaani lita 50,000. Namba hiyo nimeiandika kwa rangi kwenye mlango wa chumba cha pampu. Asiyejua bwawa lake lina lita ngapi, dawa zote anazotia ni za kubahatisha.

Kiangazi kimoja pampu iliungua, spea zikachelewa kufika, maji yakasimama. Kuta zilianza kuteleza, kona ya kivulini ikaota utando, na kabla sijapata pampu bwawa zima lilikuwa rangi ya kisamvu kilichotwangwa. Vyura wakahamia. Shemeji alipotumiwa picha alinyamaza kidogo, kisha akaandika: "Mwite fundi."

Fundi alikuja na klorini ya unga, ile ya asilimia 65, akaimwaga kwa wingi mchana wa jua kali. Asubuhi maji yalikuwa yameingia weupe wa chokaa, ukijani umepungua. Siku chache baadaye ukijani ukarudi wote. Akarudia, ukarudi tena. Akasema dawa ya huku ni feki, tuagize Dar. Hela ilikuwa ya shemeji lakini uchungu ulikuwa wangu, kwa hiyo kabla ya kuagiza chochote nikachota maji kwenye chupa safi nikampelekea mwalimu wa kemia tunayefahamiana.

Nilikuwa nimeshayapima mwenyewe kwa kile kipimo cha matone: tone jekundu la pH (kipimo cha uasidi wa maji: namba ikipanda, asidi imepungua), tone la klorini linalogeuka njano. Tone jekundu lilikuwa limekolea kupita rangi ya mwisho kwenye kadi, iliyoandikwa 8.2, nami nikaandika 8.2. Mwalimu akacheka. "Kadi yako inaishia 8.2. Maji yako hayaishii hapo." Maji ya Ziwa Tanganyika kwa asili yana pH ya 8.6 hadi 9 hivi, na maji yetu ya bomba ni ya ziwani. Tena mwani wenyewe, yaani ule ukijani, huyapandisha zaidi, kwa sababu mchana unapojitengenezea chakula kwa jua hunyonya kabonidayoksaidi iliyomo majini, na ikipungua hiyo pH hupanda. Ndiyo maana siku hizi napima asubuhi, jua halijawa kali.

Kisha akanieleza jambo lililobadilisha kila kitu. Klorini ikiingia majini huwa katika hali mbili: asidi ya haipoklorasi, ambayo ndiyo inayoua, na haipokloriti, ambayo nguvu yake ni ndogo sana. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH. Kwenye 7.5 zinakaribia kuwa nusu kwa nusu. Kwenye 8.5 ile ya kuua inabaki kama sehemu moja ya kumi. Kwenye 9 ni kama asilimia 3 tu. Kwa hiyo dawa ya fundi haikuwa feki hata kidogo. Ilikuwa nzima, ila maji yetu yaliifunga mikono, na kile kidogo kilichoweza kufanya kazi jua lilikimaliza mchana uleule. Hata weupe ule ukapata maelezo: klorini ya unga ina kalsiamu, na kalsiamu ikikutana na maji yenye pH ya juu na ualkali mkubwa (uwezo wa maji kukataa kubadilishwa pH) hugeuka chokaa.

Swali lililonisumbua ni kwa nini ziwa lenyewe si la kijani, ikiwa maji ni yaleyale. Jibu ni chakula. Tabaka la juu la ziwa lina virutubisho vichache, ndiyo maana siku tulivu ukiwa karibu na ufukwe unaona mawe yaliyo chini. Bwawa letu lilikuwa limelishwa vizuri: majani ya mwembe, vumbi, vinyesi vya ndege, na majivu ya moto wa nyika yanayoshuka kutoka milimani kila kiangazi. Majivu yana fosforasi, na tena hupandisha pH. Tangu hapo nikiona moshi upande wa mlimani natandika turubai.

Mwalimu aliupima pia huo ualkali. Kwa bwawa unatakiwa uwe miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Wetu ulikuwa umepita 300. Hapo ndipo penye kazi yote ya Kigoma, na ndiyo maana maelekezo ya kwenye ndoo za dawa hayatusaidii sana, yameandikwa kwa maji ya watu wengine. Ukitia asidi kidogo, pH inashuka leo na kesho imerudi ilipokuwa. Lazima uushushe ualkali kwanza.

Asidi niliyotumia ni ya hidrokloriki, jamaa ya ile ya kusafishia vigae, lakini nilitafuta yenye asilimia 32 iliyoandikwa wazi kwenye dumu, maana nyingine zimezimuliwa na hesabu inaharibika. Kwa lita 50,000, lita moja ya asidi hiyo hushusha ualkali kwa takriban miligramu 10 kwa lita. Kutoka 320 hadi 120 ni lita 20 hivi. Hazitiwi kwa mkupuo. Nilikuwa naweka maji kwenye ndoo kwanza, naongeza asidi juu yake, kisha namimina polepole upande wa kina kirefu huku pampu mpya ikizunguka, lita mbili kwa siku. Glovu, miwani ya kufunika macho, na upepo uwe mgongoni. Kila pH ilipokaribia 7 nilisimama. Midomo ya kurudishia maji niliielekeza juu ili maji yaruke na kuchuruzika: yakifanya hivyo hutoa kabonidayoksaidi, pH inapanda yenyewe bila ualkali kurudi, nawe unapata nafasi ya kutia asidi tena. Kazi inachosha kwa uvivu wake, si kwa uzito.

Wakati huo ushauri ulikuwa unamiminika kutoka kila kona. Mzee wa jirani, aliyevua dagaa Kibirizi miaka mingi, alinihurumia: "Mwanangu, tia mrututu, yataisha." Nikamwambia, "Shikamoo mzee, nimesikia," lakini sikutia. Mrututu unaua mwani kweli, kwa kuwa una shaba. Ila kwenye maji yenye ualkali kama wetu shaba nyingi hujitenga na kuganda, ikaacha madoa ya buluu ukutani. Na maji ya bwawa siku moja yatamwagwa, yateremke kuelekea ziwani waliko samaki, ambao shaba kwao ni sumu. Sioni sababu ya kuua samaki ili niue utelezi.

pH ilipotulia 7.3 ndipo klorini ikaja, tena kwa kiasi ambacho fundi angekidharau. Gramu 770 za ule unga wa asilimia 65 zinatosha kuyafikisha maji yetu miligramu 10 kwa lita. Nilikoroga unga ndani ya ndoo yenye maji tayari (usimwagie maji juu ya unga), nikaacha machicha yatulie, nikatia maji ya juu jua likishazama. Kabla ya hapo nilikuwa nimesugua kuta zote, ngazi na nyuma ya taa, kwa sababu utando ukiachwa ulivyo huwakinga mwani walio chini yake. Usiku nilipima, alfajiri nikapima tena. Klorini ikipotea zaidi ya miligramu moja kwa usiku, gizani ambako hakuna jua la kusingizia, basi kuna kitu hai bado kinaila. Jioni unarudia.

Ukijani uliondoka, yakabaki maji ya kijivu yenye ukungu. Huo ni mwani uliokufa, mdogo mno hata mchanga wa chujio unaupitisha. Hapa shabu, ile ya kutulizia maji ya kisima, ilifanya kazi nzuri, kwa kuwa pH ilikuwa imeshashushwa. Kwenye maji ya ziwa yenye pH yake ya asili ingesumbua. Gramu 30 kwa kila mita ya ujazo, yaani kilo moja na nusu, pampu ikazunguka kidogo kisha nikaizima usiku kucha. Asubuhi uchafu wote ulikuwa sakafuni. Niliunyonya na kuutoa moja kwa moja nje bila kuupitisha kwenye chujio.

Sasa tatizo la kujazia. Ukiongeza maji ya bomba, unarudisha ualkali uleule uliouhangaikia. Isitoshe, maji yanayopanda kama mvuke huacha chumvi zake nyuma, na eneo letu likipoteza milimita 5 kwa siku ni lita 180 zimekwenda. Mvua za msimu zilikuwa zimekaribia, nikafunga mifereji ya bati na kuielekeza kwenye tangi la lita 5,000. Maji ya mvua karibu hayana ualkali kabisa. Yale ya mwanzo, yanayoosha vumbi la bati, namwagia migomba. Yanayofuata ndiyo ya bwawa. Nafikiri hicho ndicho kitu kimoja ningemshauri mtu wa Kigoma hata kabla ya kununua dawa, maana siku hizi asidi naitia kwa nadra.

Utunzaji wa kawaida si mkubwa. Niliongeza kilo moja na nusu ya asidi ya sayanuriki, ambayo huikinga klorini dhidi ya jua. Klorini naiweka kati ya miligramu 2 na 3, pH isipite 7.6, pampu inazunguka kwa muda wa saa nane kila mchana, na chujio naliosha kinyumenyume kipimo chake cha shinikizo kikipanda nusu ba (bar) juu ya kinavyosoma chujio likiwa safi. Asidi inakaa stoo, klorini inakaa chumba cha pampu, na kata ya kuchotea ni tofauti, kwani viwili hivyo vikikutana hutoa gesi inayoweza kuua mtu.

Desemba watoto wa dada walikuja likizo. Mkubwa alitaka kuruka siku ya kwanza tu, begi halijafunguliwa. Nikamsimamisha ukingoni nikamwuliza kama anauona mfuniko wa tundu la chini. "Nauona, mjomba, hata skrubu zake." Nikapima klorini mbele yake, ilikuwa 2, nikamwambia aende akaoge bafuni kwanza.