Kutoka Nakuru hadi Maseno, Nikiifuata Plazma

Waandishi wengi wanaomweleza msomaji wa kawaida fizikia ya plazma, yaani gesi iliyojaa chembe zenye umeme, humpeleka moja kwa moja Cadarache, kusini mwa Ufaransa, kunakojengwa mtambo wa utafiti wa nishati ya muunganiko wa nyuklia uitwao ITER, ambao unakusudiwa kuipasha gesi ya haidrojeni moto hadi nyuzi milioni 150 huku sumaku kubwa zikiizuia isiguse kuta. Ni habari nzuri, ila humwacha msomaji akidhani kwamba plazma ni jambo la mbali, la mataifa yenye fedha. Nilipopata nafasi mwezi wa Machi, nilipanda matatu Nakuru kuelekea Maseno, kwa kuwa katika njia hiyo msafiri hukutana na plazma zaidi ya mara moja kabla hajafika mahali inapochunguzwa.

Hadi Mau Summit sina la kusimulia isipokuwa foleni ya malori ya Salgaa. Tulipokaribia Kericho, wingu lililokuwa limeyafunika mashamba ya chai lilianza kupiga radi, kisha mvua ya mawe ikashuka kwa nguvu hata dereva akaegesha kando ya barabara. Mama aliyeketi karibu nami, aliyekuwa amekwisha kujua kwamba nilifundisha fizikia kabla ya kustaafu, aliniuliza, "Sasa, mwalimu, hiyo radi ni moto au ni umeme?" Nilimjibu kwamba umeme ndio unaopita, na plazma ndiyo njia ambayo umeme huo hujitengenezea hewani. Njia hiyo ina upana wa sentimita chache tu, lakini hewa iliyomo hufikia joto la takriban nyuzi 30,000, yaani kama mara tano ya joto la uso wa jua. Kwa joto hilo atomu hupoteza baadhi ya elektroni zake, na hewa inageuka kuwa mchanganyiko wa ayoni (ndizo atomu hizo zilizopungukiwa) na elektroni huru, ambao hupitisha umeme na kuvutwa huku na huku na sumaku. Ngurumo tuliyoisikia ni hewa hiyohiyo ikitanuka kwa ghafla.

Kisumu nilishuka karibu na soko la Kibuye, nikasimama mbele ya fundi wa jua kali aliyekuwa akiunda dirisha la chuma. Aligusisha ncha ya fimbo ya kuchomelea kwenye chuma, akaiinua kwa milimita chache, na katika mwanya huo mdogo ukawaka mwanga mweupe wenye rangi ya samawati. "Mzee, geuza uso," aliniambia bila kuinua kichwa. Alikuwa na haki, kwa kuwa mwanya ule huwa na plazma ya zaidi ya nyuzi 6,000, ambayo hutoa mionzi ya urujuanimno inayoumiza macho. Jioni ile, katika mkahawa nilikokula samaki na ugali, kulikuwa na taa ya mrija ambayo nayo ilikuwa na plazma ndani yake, ingawa kioo chake kilikuwa na uvuguvugu tu. Watu wengi hawaamini wakiambiwa kwamba elektroni zilizomo huwa na joto la karibu nyuzi 10,000. Gesi ya mle ni hafifu mno na elektroni ni ndogo mno, hivyo joto hilo haliwezi kupita kwa wingi hadi kwenye kioo.

Kesho yake nilifika Maseno, mahali ambapo ikweta inaikata barabara ya Busia. Hapa ndipo safari yangu ilipopata maana, kwa sababu watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno wametumia kipokezi cha GPS kilichowekwa hapo kuchunguza ayonosfia, tabaka la juu la angahewa ambako mwanga wa jua huzing'oa elektroni kutoka kwenye atomu. Takriban kilomita 300 juu ya vichwa vyetu, mchana, sentimita moja ya ujazo yaweza kuwa na elektroni huru kama milioni moja. Tabaka hilo ndilo lililorudisha ardhini mawimbi mafupi ya redio tuliyoyasikiliza utotoni kutoka London, na mawimbi ya setilaiti hayana budi kulipita ili yafike kwenye simu zetu.

Jambo la kuvutia hutokea jua likitua. Sehemu ya chini ya ayonosfia hupoteza elektroni zake haraka, ilhali sehemu ya juu hubaki nazo na kuinuliwa zaidi na nguvu za umeme, ikawa plazma nzito imekaa juu ya nyepesi, kama maji yaliyomwagwa juu ya mafuta. Hali hiyo haidumu. Viputo vyenye plazma hafifu hupenya na kupanda, vingine vikifika zaidi ya kilomita 1,000 juu ya ardhi. Kwa kuwa plazma hufuata mistari ya uga wa sumaku wa dunia, kiputo kilichopanda vya kutosha juu ya ikweta ya sumaku, yaani mahali ambapo mistari hiyo hulala sambamba na ardhi, ambayo katika eneo letu hupita kaskazini, Ethiopia, hunyooka kusini hadi kwenye anga ya Maseno. Mawimbi ya setilaiti yakikipita hutikisika, na kipokezi huweza hata kupoteza setilaiti kwa muda.

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alinionyesha mchoro wa mawimbi ya setilaiti wa usiku wa aina hiyo: mstari uliokuwa laini mchana kutwa ulianza kuchafuka baada ya saa mbili usiku, ukatulia kabla ya usiku wa manane. Nilipouliza kama mvua ya jana ndiyo iliyosababisha, alicheka kwa adabu, akasema, "Mzee, mawingu yetu hayafiki hata kilomita 20." Viputo hutokea zaidi Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, na huongezeka jua linapokuwa katika kilele cha mzunguko wa shughuli zake wa takriban miaka 11. Lakini usiku miwili inayofuatana, yenye jua lilelile na majira yaleyale, yaweza kutofautiana kabisa, mmoja ukawa na viputo na mwingine ukapita shwari, na hadi sasa hakuna njia ya kutabiri kwa uhakika utakuwa upi.