Nilinunua betri mbili kabla ya kupima oltaneta

Kazi yangu ni kupeleka dagaa na samaki aina ya mgebuka Kasulu kutoka mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, na kurudi na maharage. Gari ninalotumia ni Hilux ya zamani, dizeli, injini aina ya 3L, ile ambayo mafundi wa hapa wanasema haina siri. Mimi iliniletea siri, na nikailipia.

Ilianza na vitu ambavyo mtu mwenye haraka anavipuuza. Usiku nikiondoa mguu kwenye mafuta taa zinafifia, nikikanyaga zinarudi. Honi ikawa inalia kama mbuzi mwenye mafua. Asubuhi stata inavuta kivivu, na siku nyingine vijana wa mwaloni wananisukuma huku wakiuliza kama leo nao watapewa mgebuka. Nikaenda gereji. Fundi aliwasha gari, akachomoa kichwa cha betri injini ikinguruma, gari halikuzima. "Umeona, mama? Oltaneta nzima. Betri ndiyo imechoka." Oltaneta ndiyo mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, basi nikamwamini, nikanunua betri mpya ya saizi N70 kwa shilingi 260,000. Ile ya zamani nikamwachia kwa 30,000, na nikamshukuru juu yake.

Wiki ya tatu taa zikaanza tena kusinzia. Fundi akasema betri za siku hizi ni feki, nijaribu aina nyingine. Nikajaribu. Hapo nilishatoa nusu milioni na hakuna mtu aliyekuwa amepima kitu chochote. Alichofanya yeye, kuchomoa betri gari likiwa limewaka, sasa nimeelewa kwamba si kipimo. Mchana, taa zikiwa zimezimwa, dizeli ya namna hii haihitaji umeme mwingi ili iendelee kunguruma, kwa hiyo hata oltaneta inayokata roho inaweza kuihudumia. Na kama oltaneta ni nzima, kuinyang'anya betri ghafla kunaifanya irushe volti juu, na zinazoumia ni dayodi na regyuleta, vifaa vya ndani yake vinavyonyoosha na kudhibiti umeme.

Siku ya siku ilikuwa natoka Kasulu jioni na magunia nane ya maharage. Giza lilipoingia taa zikawa njano kama koroboi. Nikazima redio, nikazima feni, nikaendesha nimeinama mbele kama anayetafuta sindano barabarani. Kabla sijafika Kidahwe injini ikazima. Haikukohoa wala kutikisika kama gari lililoishiwa mafuta. Ilizima kama vile mtu amegeuza ufunguo. Nilikuwa naamini dizeli ikishawaka haina habari na umeme, maana haina plagi. Kumbe kwenye pampu ya mafuta kuna swichi ndogo ya sumaku inayoshikilia njia ya dizeli wazi kwa umeme wa betri. Volti zikishuka sana inaachia, njia inajifunga, na wewe na maharage yako mnalala hapo.

Nilimpigia mtoto wa kaka yangu, aliyesoma ufundi wa magari VETA. Alikuja na bodaboda, amepakata betri aliyoiazima kwa mzee mmoja pale Kibirizi anayechajia wavuvi betri za taa za mitumbwi. Tukaifunga, gari likawaka, tukafika mjini na taa zikiwa nyeupe safari nzima. Kutoka Kidahwe ni kama kilomita 28 tu, na betri iliyojaa peke yake inaweza kubeba taa za gari kwa umbali huo bila kuchajiwa. Tulikuwa tunakula akiba.

Asubuhi nikairudisha betri. Mzee alinipokea kwa "Mwakeye", salamu ya Kiha, kisha akaniuliza swali ambalo gereji hawakuniuliza: "Mama, gari likiwa linawaka, betri inasoma ngapi?" Sikujua. Akachukua mita yake, ile ya njano ya bei rahisi iliyofungwa kwa gundi ya karatasi, tukaenda kwenye gari.

Injini ikiwa imezimwa, ile betri ya kuazima, iliyokuwa bado imefungwa kwenye gari, ilisoma 12.1. Akasema iliyojaa na kutulia inatakiwa iwe 12.6 hivi. Tukawasha gari. Namba ilitakiwa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4; ilibaki 12.0. Akamwambia mtoto wa kaka yangu awashe taa kubwa na feni. Tukaikodolea macho: 11.9, 11.8, 11.7. Nilihisi kama naangalia pochi yangu mwenyewe.

Mzee hakukimbilia kusema oltaneta imekufa. Alisogeza waya mwekundu wa mita hadi kwenye nati ya oltaneta, pale unapotokea waya mnene wa kwenda betri. Kama pale pangesoma 14 na betri inasoma 12, ugonjwa ungekuwa njiani, yaani waya umeoza au fyuzi kubwa imeungua, na hapo hata ukifunga oltaneta mpya umepoteza fedha. Lakini palisoma vilevile, 11.7. Akabonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ulilegea kidogo tu, kama sentimita moja, ndivyo unavyotakiwa. Ila kidole kilirudi kimelowa oili.

Kisha akaniuliza kuhusu taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba haijawahi kuwaka, ndiyo maana sikuwa na wasiwasi. Akaniambia niwashe swichi bila kupiga stata. Taa ya oili ikawaka, ya betri kimya. Ilitakiwa iwake pale na kuzimika injini ikishawaka. Balbu yake ilikuwa imeungua, sijui tangu lini. Tulipoweka nyingine iliwaka ikabaki inawaka na injini ikinguruma, ikinipa taarifa niliyoihitaji miezi miwili nyuma.

Bahati yangu mwezi ulikuwa unaelekea kujaa. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki, basi mitumbwi hupumzika na mimi napumzika nayo. Nilikuwa na siku kadhaa za kulaza gari bila kupoteza mzigo.

Tuliifungua oltaneta nyumbani, chini ya mwembe. Kabla ya spana yoyote kijana alichomoa kichwa cha hasi cha betri, na alinifokea kwa adabu nilipotaka kuruka hatua hiyo. "Shangazi, huu waya mnene unatoka moja kwa moja kwenye betri. Hata ukizima swichi, una moto. Spana ikigusa bodi utaona nyota mchana." Akalegeza bolti ya kurekebishia mkanda, akauvua, kisha ukaja utata. Kwenye injini hizi za 3L, nyuma ya oltaneta kumefungwa pampu ndogo inayonyonya hewa kwa ajili ya busta ya breki, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga. Pampu hiyo inalainishwa na oili ya injini, kwa hiyo ina bomba la oili kuingia, mpira wa oili kurudi, na mpira mwingine wa kwenda breki. Tulivyotenganisha tukaona kila kitu: sili ya pampu imechoka, oili imepenya ndani ya oltaneta, na kaboni, vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, vimeisha hadi kubaki kama kucha, vimeganda kwenye tope jeusi. Zile pete za shaba ambazo kaboni husugua zilikuwa na mfereji unaoshika ukucha.

Kubadili kaboni peke yake kungekuwa rahisi, hata fundi wa waya wa jirani alishauri hivyo. Lakini oili ingerudi na pete zilishalika. Nikaamua kununua nzima, iliyotumika.

Duka la kwanza mjini walinipa oltaneta inayong'aa, bei nzuri, masikio ya bolti yanalingana. Nyuma haikuwa na pampu. Ilitoka kwenye injini ya petroli. Muuzaji akasema nifunge tu, ule mpira wa breki niuzibe kwa bolti. Nilimwangalia nikakumbuka miteremko ya njia ya Kasulu na mzigo mgongoni. Busta isiyonyonywa hewa haimaanishi breki hazipo, ila unazikanyaga kama unakanyaga jiwe, na gari lililopakia halisubiri ujikusanye. Nikaiacha hapo kaunta. Yenye pampu ilitoka Kariakoo, ikaja kwa basi, shilingi 350,000 pamoja na usafiri. Kabla ya kutuma fedha nilimwomba muuzaji anitumie picha ya nyuma, ya puli na ya soketi ya nyaya tatu, nikazilinganisha na yangu moja baada ya nyingine.

Kuifunga kulichukua saa mbili, na nusu ya muda huo tulikuwa tunatafuta bolti iliyoanguka kwenye kinga ya chini. Zikabadilishwa washa za shaba za bomba la oili, mkanda uliolowa ukaenda jalalani, na kijana akamimina oili kidogo kwenye tundu la pampu kabla ya kufunga bomba, ili isianze kuzunguka ikiwa kavu. Betri tulikuwa tumeipeleka kwa mzee kulala kwenye chaja. Alisema oltaneta kazi yake ni kuitunza betri, na ukiipa maiti ifufue, iliyotumika kama hii utaichosha siku ya kwanza.

Nikapiga stata mwenyewe. Taa nyekundu ikazimika. Mita, ambayo safari hii ilikuwa yangu, ya shilingi 15,000, ikasoma 14.2. Tukawasha taa zote na feni: 13.9. Nikakanyaga breki mara tatu, pedali ikashuka laini kama kawaida. Tukaangalia tena viungo vya oili baada ya kuzunguka hadi Ujiji na kurudi, pakavu.

Mwezi ulipoanza kuchelewa kutoka mitumbwi ikarudi majini, nami nikaenda Kibirizi kupakia. Nilimpelekea mzee ndoo ndogo ya dagaa maana fedha alikataa. Akaniuliza ile betri yangu ya kwanza kabisa, niliyokuwa nayo kabla ya zote hizi, nimeiweka wapi, kwa sababu angeichaji tukaona. Nikamwambia niliiacha gereji kwa shilingi 30,000. Alicheka mpaka akaweka chini vibanio vya chaja.